Kanisa la watu 27 tu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa ilikuwa kabla ya mitihani, na nimeambiwa kuna watu walishaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani. Kuna sapu moja ya takwimu inanisubiri, lakini hiyo siyo habari ya leo.

Habari ya leo ni kanisa. Likizo yote nilikuwa nyumbani Kilosa, na Jumapili moja nikajikuta nasali mahali penye watu 27. Nimewahesabu mwenyewe, pamoja na watoto wawili waliokuwa wamelala mgongoni kwa mama zao. Tangu nirudi chuo nimeshawasimulia watu watatu, na wote wamenijibu neno lile lile: "Maskini!" Mmoja akaongeza kwamba tuwachangie spika. Ndiyo maana nimekaa hapa kimbwetani usiku huu naandika badala ya kusoma takwimu. Nadhani tunawaelewa vibaya sana watu wa sharika ndogo, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwaelewa vibaya.

Kwa wasiokujua kwetu, Kilosa ni mji wa reli. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikaendelea kupanda kupitia kwetu hadi ikagusa Kigoma mwaka 1914. Yakaja na mashamba ya mkonge kule Kimamba na kwingineko, na mkonge ukaleta watu wa kila kabila kuja kukata majani. Kwa hiyo kwenye mtaa mmoja wa Kilosa utamkuta Mkaguru, Msagara, Mvidunda, Mluguru, Mngoni, Mnyamwezi na Mmasai, Waislamu na Wakristo, na kwenye msiba hujui nani ni wa dini gani mpaka ifike saa ya kuzika. Ukitoka hapo kuelekea kusini kuna barabara ya kwenda Mikumi, na katikati yake kuna kata inaitwa Ulaya. Kweli kabisa, Ulaya. Kwa hiyo mimi ni mmoja wa wanachuo wachache waliokwenda Ulaya kwa bodaboda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nilikwenda na mwinjilisti mmoja, rafiki wa siku nyingi wa baba. Ana vituo vitatu vya kuhudumia na pikipiki moja inayogoma kila ikiona kilima. Aliniambia, "Mwanangu, twende ukaone kanisa." Mimi nikadhani ni namna yake ya kusema twende ukanisaidie kusukuma pikipiki. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kanisa lenyewe liko mbele kidogo ya Ulaya. Kuta za tofali za kuchoma, madirisha hayana kitu, bati zimefika nusu na nusu nyingine ni turubai. Mabenchi ni mbao zilizowekwa juu ya matofali. Ngoma moja, kayamba mbili. Kwaya ni watu sita, na ikisimama kuimba unaona kabisa kanisa limepungua. Mama anayepanga watu ndiye mtunza hazina, ndiye mwalimu wa watoto, ndiye anayekaa na ufunguo, na siku hiyo ndiye aliyetupikia. Nilimuuliza kama hachoki. Akacheka, akaniambia, "Nichoke nimwachie nani?"

Kabla ibada haijaanza nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona hapa chuoni. Mwinjilisti aliangalia benchi la pili upande wa kushoto, akauliza, "Bibi yuko wapi?" Watu wote wakageuka kuangalia ile nafasi. Mtoto akatumwa mbio. Tukaimba nyimbo mbili, mtoto akarudi akasema bibi ana homa, amelala. Basi ibada ikaanza, lakini tayari ilishajulikana nani atapita kumwona na nani atabeba uji. Haikutangazwa kokote. Nafasi yake ilikuwa wazi, na kwenye watu 27 nafasi moja wazi inaonekana kama jino lililong'oka.

Sasa ngoja niwaambie kilichonifanya niandike.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Mchungaji ana eneo kubwa, kwa hiyo pale hufika mara moja kwa miezi kadhaa, na siku anayofika inasubiriwa. Alihubiri vizuri, kwa kifupi. Halafu kabla hajaenda mezani akasema, "Nimesikia kuna neno hapa katikati yetu." Kimya. Wanaume wawili wakasimama bila kutajwa majina.

Mmoja ni mkulima, mzee wa kanisa, katika watu walioanzisha kile kituo. Wa pili ni mfugaji, Mmasai, ambaye ana miaka mitatu tu pale na mke na watoto wanne. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe: watu sita kati ya 27. Familia ile ikiondoka, karibu robo ya kanisa imeondoka. Na mzee yule akiondoka, ndugu zake wanaomfuata ni zaidi ya hapo. Ng'ombe walikuwa wameingia shambani kwa mzee na kula mahindi, karibu ekari nzima. Mzee alishapeleka malalamiko ofisi ya kijiji. Wiki mbili walikuwa hawasalimiani.

Mtu wa mjini anaweza kusema, aah, ng'ombe wamekula mahindi, kuna nini hapo. Kwetu Kilosa neno hilo halisemwi kwa wepesi. Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Tumekua tukisikia jina hilo likitajwa kwa sauti ya chini. Na tangu hapo ugomvi wa shamba, maji na malisho haujaisha, unapoa na kuwaka. Kwa hiyo wale wawili waliposimama, niliona mama mmoja karibu yangu amemshika mtoto wake mkono na hakumwachia tena.

Mchungaji hakuhubiri tena. Alisema tu kwamba meza itasubiri. Tukatoka wote nje, tukakaa chini ya mwembe, watoto wakaambiwa wakacheze mbali. Tulikaa pale karibu saa mbili. Mchungaji naye aliongea kidogo sana. Walioongea ni wenye kanisa.

Mzee akaeleza, kwa uchungu, na haki alikuwa nayo. Mahindi yale ndiyo chakula cha mwaka. Mfugaji akajibu kwamba ng'ombe walikuwa wanakwenda mtoni kunywa, na wamepita walikopita siku zote. Wakapandishiana kidogo. Hapo yule mama wa ufunguo akauliza swali, kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Samahani mzee wangu, pale ulipoongeza shamba mwaka huu, palikuwa njia ya ng'ombe au hapakuwa njia?"

Wadau, kile kimya sitakisahau. Kwenye mahakama mwanasheria angesimama kupinga. Kwenye ofisi ya kijiji labda swali lenyewe lisingeulizwa. Lakini pale kila mtu anajua njia ilipo, maana kila mtu ameipita na ndoo kichwani. Mzee akakaa, akachora chora chini kwa fimbo, mwisho akasema, "Ilikuwa njia."

Basi mfugaji naye akapata mahali pa kushukia. Akasema siku ile yeye hakuwepo, alikwenda mnadani, ng'ombe alimwachia mtoto wa miaka minane, na mtoto akasinzia. "Mtoto hana kosa. Kosa ni la kwangu." Akakubali kulipa magunia matatu. Mzee akakubali kwamba msimu ujao ataiacha njia wazi. Wakakubaliana waende ofisi ya kijiji wakiwa wawili, wakaeleze kwamba wamepatana. Kisha tukarudi ndani kwenye meza.

Msitegemee sinema. Hawakukumbatiana na hakuna aliyelia. Mzee alikuwa bado amekunja uso. Lakini walipiga magoti kwenye mstari mmoja, na baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka, kibuyu cha maziwa kilicholetwa na mfugaji mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaja bei. Hakukipata. Mchungaji alimzidi, si unajua mwenye mshahara.

Usiku ule nyumbani nilifungua Mathayo 18. Mnaijua ile ahadi ya wawili au watatu wakikusanyika. Kila tukiwa wachache mtu lazima aitaje. Mvua imenyesha, fellowship wamekuja watu tisa, kiongozi anaitaja, tunaitikia amina, tunajifariji. Mimi mwenyewe nimeshaitumia hivyo mara nyingi, kama kitambaa cha kufutia aibu ya uchache.

Lakini isomeni sura yenyewe kwa utaratibu. Maneno yaliyotangulia ahadi hiyo yanahusu ndugu aliyekukosea: umwendee kwanza mkiwa wawili, asiposikia uongeze mmoja au wawili, asiposikia ndipo ulipeleke neno kwa kanisa. Na mara tu baada yake Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi. Yaani ahadi ya wawili watatu imekaa katikati ya ugomvi na msamaha. Wanaozungumziwa ni watu wachache waliokaa chini ya mwembe wao kumalizana, na kwenye kikao kama hicho ndipo Bwana anaahidi kuwepo. Nilikuwa nimelisoma fungu hilo tangu kipaimara na sikuwahi kuliona hivyo mpaka nilipokaa kwenye lile vumbi.

Na siyo Mathayo tu. Chukueni waraka kwa Filemoni, sura moja tu, unaisoma wakati chai inapoa. Paulo anaandika habari ya mtumwa, Onesimo, aliyetoka kwa bwana wake na sasa anarudishwa kama ndugu. Ni jambo la ndani ya nyumba ya mtu. Lakini barua haijaandikwa kwa Filemoni peke yake, imeandikwa pia kwa kanisa linalokutana nyumbani kwake. Maana yake siku Onesimo anaingia mlangoni, kuna watu labda kumi na tano wamekaa sebuleni wanaojua yaliyoandikwa, na Filemoni anajua kwamba wanajua. Ukiwa na watu elfu tano huwezi kufanya hivyo. Unaweza kuhubiri juu ya msamaha, lakini huwezi kumwangalia Filemoni usoni.

Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya kiroho ya sharika ndogo. Wengi tukitaka kuwasifia wachache tunakimbilia Gideoni na wale 300 waliobaki kati ya 32,000. Habari nzuri, lakini ukiwa na watu 27 hata Gideoni ni mkutano mkubwa! Gideoni anatufundisha kwamba wachache wanaweza kushinda vita. Mimi nasema wachache wana kitu kingine ambacho wengi hawana: wanajuana kiasi kwamba uongo haupati pa kukaa, na kwa hiyo msamaha ukitokea unakuwa wa kweli.

Kujuana huko kuna faida hata siku ya maafa. Nilikuwa mtoto mdogo Mto Mkondoa ulipovunja kingo na kuingia Kilosa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maelfu ya watu walikosa makazi, reli ikakatika, tukaishi kwenye mahema. Mama anasema misaada ilipoanza kuja, kazi kubwa ilikuwa kujua nani ni nani na yuko hema gani. Lakini kikundi chao cha maombi cha familia kama kumi kilishajua jioni ile ile nani yuko salama, nani hajaonekana, nani ana mtoto mchanga hana blanketi. Hawakuwa na orodha yoyote. Walikuwa wanajuana tu, na misikitini nako ilikuwa hivyo hivyo.

Nikamaliza likizo kwa kupitia Mikumi kumsalimia mama mdogo. Mikumi mnaijua kwa tembo na twiga, hifadhi ya tangu 1964, na kwa zile sheria za mwendo barabara kuu inapokatiza mbugani. Kuishi Mikumi mjini ni kuishi stendi. Malori ya Tunduma na Zambia, nyumba za wageni, mama ntilie, watu wanahamia na kuhama. Mama mdogo aliolewa na Mkatoliki, kwa hiyo yuko kwenye jumuiya ndogo ndogo. Wanakutana nyumba kwa nyumba, kama familia kumi na mbili, mara moja kwa wiki.

Nilidhani kwenye mji wa wapita njia jumuiya haiwezi kuwa na nguvu, maana mnajuana vipi kama watu hawakai? Mama mdogo akanijibu kwa kunichukua. Tulikwenda hospitali na chupa mbili za uji. Barabara ile ina ajali, na majeruhi wengine ni wa kutoka mbali, hawana ndugu hapa wa kuwaletea chakula. Akina mama wa jumuiya yake wamegawana siku. Wanaingia, wanauliza wodini nani hana mtu, wanakaa naye, wanampigia simu ndugu zake. Dini hawaulizi. Kumbe mji wa stendi umewafundisha kumjua mtu haraka, kabla hajaondoka.

Wenzetu Wakatoliki hili walilifikiria zamani, na siyo kwa bahati mbaya. AMECEA, umoja wa maaskofu wao wa Afrika Mashariki, ulilijadili mwaka 1973, na mwaka 1976 wakakubaliana Nairobi kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo ndicho kipaumbele cha uchungaji. Kwamba kanisa linaanzia kwa majirani wanaojuana, halafu parokia inajengwa juu yao. Kwa Tanzania lilieleweka upesi, maana watu walikuwa wameshazoea nyumba kumi za TANU. Sisi wengine tunadhani kituo kidogo ni kanisa kubwa ambalo bado halijakua. Wao walisema hata kanisa kubwa likitaka kuwa hai ligawanyike liwe madogo.

Lakini nisije nikawapamba kupita kiasi. Udogo peke yake siyo utakatifu. Kule kule nimeona kituo kilichokuwa mali ya ukoo mmoja: baba mwenyekiti, mwana katibu, mkwe mtunza hazina, na mgeni akija anapewa benchi la nyuma miaka yote. Kujuana kule kule kunakoleta uji kunaweza kuleta umbeya ukamfanya binti aliyepata mimba asikanyage tena. Na ugomvi mdogo kwenye watu 27, usipomalizwa, unaua kanisa zima kwa mwezi mmoja. Pale Ulaya mambo yangeweza kugeuka. Kama mzee angesema "haikuwa njia," leo ningekuwa naandika habari nyingine. Ndiyo maana nasema ni uwezo, siyo uhakika. Jembe linaweza kulima na linaweza kukata mguu.

Ila angalieni sisi tunavyowapima. Kituo kinaulizwa kimekusanya shilingi ngapi na kimejenga nini. Kama sadaka ni mayai, kuku wawili na kibuyu cha maziwa, kinaandikwa dhaifu, na watu wanaanza kusema kiunganishwe na cha jirani kilomita kumi na tano. Sijawahi kusikia taarifa ya mwaka yenye mstari unaosema: mwaka huu wamepatanisha watu wangapi. Ungekuwepo, baadhi ya makanisa makubwa yangepata sapu.

Na hapa niseme ukweli wangu, maana nisiposema nitakuwa nimewahubiria tu.

Semista iliyopita niligombana na rafiki yangu. Wengine mnamjua, simtaji. Ilikuwa kazi ya kikundi. Niliandika sehemu yake nikawasilisha bila jina lake, kwa sababu alichelewa, na nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Kuchelewa kwake kulikuwa na sababu, nilikuja kuijua baadaye, na hata baada ya kuijua sikwenda. Miezi minne. Na miezi yote minne tuliimba kwaya moja, fellowship moja, yeye besi na mimi tena. Mamia ya watu, spika, kinanda, taa. Tuliinua mikono pamoja na tukashiriki meza pamoja. Hakuna aliyeuliza, "Nimesikia kuna neno hapa." Siwalaumu viongozi, wangejuaje? Kwenye umati ule mimi na yeye tulipata mahali pazuri sana pa kujificha, na nafikiri ndiyo sababu mojawapo nilikuwa napapenda.

Pale chini ya mwembe, mfugaji aliposema kosa ni la kwangu, mimi ndiye niliyeangalia chini. Mwinjilisti aliniona. Tukiwa njiani kurudi, pikipiki imegoma, tunasukuma, akaniuliza tu, "Na wewe una njia uliyoilima?" Sikumjibu. Nilisukuma.

Kwa hiyo msiniambie maskini, wana watu 27. Wana kitu ambacho mimi na elimu yangu na fellowship yangu kubwa nilikikosa kwa semista nzima. Wanahitaji msaada, ndiyo, nani hahitaji. Lile turubai likipata bati itakuwa vizuri kabla ya masika. Mwinjilisti akipata pikipiki isiyogoma atafika vituo vyote vitatu. Zaidi ya hapo wanahitaji mafunzo kwa wainjilisti wao, mchungaji afike mara nyingi zaidi, na vijana wao waliosoma wasiwakimbie. Spika siyo haja yao. Kwenye chumba kile ukinong'ona unasikika.

Na sisi wenyewe? Mawazo yangu ni mawili. Kwanza, ukienda likizo, usikimbilie kanisa la mjini lenye kinanda. Nenda pale ulipobatizwa, kaa kwenye benchi, uliza bibi yuko wapi. Ukipewa kufundisha watoto, fundisha. Usiende kama mtalii wa Mikumi anayepiga picha na kuondoka. Pili, hapa chuoni vile vikundi vidogo vya chumba kwa chumba, ambavyo huwa vinakufa wiki ya tatu kwa sababu ya testi, tusiviache vife. Nane, tisa, inatosha. Ila tusivifanye fellowship ndogo yenye mhubiri mdogo. Tuvifanye mahali ambapo mtu anaweza kuulizwa swali la njia ya ng'ombe, na asikimbie.

Leo jioni nilikwenda Bloku C nikagonga mlango. Alikuwepo. Nikamwambia kosa lilikuwa la kwangu, na kwamba nitakwenda kwa mwalimu kueleza habari ya ile kazi, hata kama maksi zangu zitaguswa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema yeye boom limeisha. Nikasema hata mimi. Tukanywa chai kavu.

Sijui kama yameisha. Kesho asubuhi tunakwenda wote wawili kwa mwalimu. Nilimpigia mwinjilisti kumweleza, akacheka sana, halafu akanipa habari: magunia mawili yameshalipwa, la tatu linasubiri mnada ujao, na bibi amepona, Jumapili alikuwa kwenye nafasi yake. Kwa hiyo wamerudi kuwa 28.

Nawasilisha. Ngoja niikabili takwimu.